Kufikia ordinatere ya nyumbani toka mbali, bila kubeba majina ya watu mu mufuko

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa harakati yetu, mu kikao juu ya usalama wa intaneti



Leo hatutaongea juu ya marshi wala juu ya barua ya kupeleka ku meri. Tutaongea juu ya ile ordinatere inayobakia nyumbani wakati mwenyewe yuko njiani. Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa informatike. Muulize wale waliotoka Goma mwisho wa Januari 2025, ao Bukavu katikati ya Februari, na mufuko moja mukononi. Ordinatere ilibakia ku meza. Mwenyewe leo yuko Bujumbura, mwingine Kampala, mwingine Nairobi, mwingine yuko Kinshasa kwa mujomba wake. Na ndani ya ile ordinatere kuko nini? Picha za familia, ndiyo, na mémoire ya chuo kikuu ambayo haijaisha. Lakini kuko pia listi ya watu waliokamatwa, sauti za wamama walioeleza mambo waliyotendewa, namba za simu za mashahidi, majina ya vijana wanaotusaidia bila kujionyesha.

Wale watu walitupatia majina yao juu walituamini. Kodi ya numerike ya inchi yetu, ordonansi-loi 23/010 ya 13 Machi 2023, nayo inasema mutu anayeshika data za mwingine yuko na wajibu wa kuzilinda. Lakini hata kama sheria ingenyamaza, mama aliyetusimulia maneno yake usiku jikoni, sisi njo tuko na deni lake.

Sasa mutu akisafiri, anafanyaka nini? Anaweka madosie yote mu kle USB, anaificha ndani ya soksi, anapita bariere saba. Ao anajitumia kila kitu ku WhatsApp ili akipate ku telefone. Njia zote mbili zina maana moja: majina yanatembea pamoja naye. Wakimusimamisha, hawamukamate yeye peke yake.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Machi 2015 Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa, mu kikao cha kuzindua Filimbi. Yves kazi yake ilikuwa kutengeneza saiti na michoro. Wakatoka gerezani paka Agosti 2016. Toka ile siku kila mutu mu harakati za raia ya inchi hii anajua kama ordinatere na telefone ya mwanaharakati ni kitu ambacho watu wa usalama wanatafuta mbele ya kutafuta mabango.

Iko njia ya tatu. Madosie yanabakia mahali pamoja, na sisi tunayafikia toka mbali, kupitia VPN ambayo ni yetu wenyewe. Tunaomba musikilize vizuri neno «yetu wenyewe», juu hapo njo vijana wengi wanachanganya.

VPN ambayo wote munaijua ni ile ya kushusha ku Play Store siku X ao Facebook imefungwa. Ile inachukua intaneti yako, inaipeleka ku mashine ya kampuni fulani ku Ulaya ao Asia, halafu inatokea kule. Inasaidia kuruka kizuizi. Lakini yule mwenye mashine anaweza kuona unaenda wapi. Facebook iliwahi kuwa na VPN ya bure, Onavo, walioinunua mu 2013. Watu walidhani inawalinda, kumbe ilikuwa inaambia Facebook ni programu gani wanatumia ku telefone yao na mara ngapi. Ilitolewa ku App Store mu 2018, na mwaka uliofuata ku Play Store. Kwa hiyo tukikuta programu ya VPN ya bure, isiyo na jina la mwenyewe, yenye matangazo kila dakika, tujiulize nani analipa seva zake.

VPN tunayoiongelea leo ni kitu kingine, hata kama jina ni moja. Fikiria tiyo ya maji inayotoka mu telefone yako, inapita chini ya barabara yote, inatokea ndani ya nyumba yenu. Vodacom, Airtel ao Orange wanaona kama kuko tiyo, hawaoni maji ya ndani. Mutu wa cyber café hapo Gombe haone kitu. Na ku upande wa pili hakuna kampuni inayopokea: kuko ordinatere yako. Ile tiyo haitakusaidia kufungua X kama X imefungwa mu inchi, juu nyumba yenu nayo iko mu inchi ile ile, ku kampuni zile zile. Tunalisema mapema ili mutu asirudie kutulalamikia.

Watu wanaulizaka: juu ya nini kusumbuka na tiyo, wakati Windows iko na njia yake ya kushika ordinatere toka mbali? Unaenda mu modemu, unafungua mulango 3389, unaingia. Ndiyo, utaingia. Na wengine pia watajaribu. Mu 2013 watafiti wa Marekani walionyesha programu yao, ZMap, inayoweza kugonga adresi zote za intaneti ya kawaida, karibu miliari 4, kwa dakika zisizofika 45, na mashine moja tu. Sasa fikiria wezi walio na mashine mia. Hawakujue, hawana habari na harakati yako, wanagonga kila mulango usiku na mchana na maneno ya siri kama «123456» na «admin». Na mu Mei 2019 Microsoft ilipashwa kutoa dawa ya haraka ya tundu moja mu ile njia ya Windows, walioliita BlueKeep, ambalo lilikuwa linaweza kumuruhusu mutu aingie bila neno la siri hata kidogo. Mulango wa namna ile haufunguliwe ku barabara. Unabakia ndani ya uwanja, na mutu anaingia uwanjani kupitia tiyo.

Kwa kutengeneza tiyo, sisi tunatumia WireGuard. Ni ya bure, kodi yake kila mutu anaweza kuisoma, na ni fupi: karibu mistari 4000, wakati zingine za kazi hiyo hiyo zinapita mistari elfu makumi. Mwaka 2020 iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Kitu tunachoipendea ni kimya chake. Mutu akigonga bila ufunguo wa kweli, haijibu hata «hapana». Kwa yule anayegonga ni sawa hakuna nyumba pale.

Funguo zinafanya kazi hivi. Kila mashine inajitengenezea mbili: moja ya siri, isiyotoka kamwe mu ile mashine, na moja ya kuonyesha, herufi 44 zenye kuchanganyika. Ordinatere ya nyumbani inaandika mu kitabu chake funguo za kuonyesha za mashine inazozikubali. Telefone yako nayo inaandika ya nyumba. Ni hayo tu, hakuna neno la siri la kukisia. Na kila mashine iwe na ufunguo wake. Vijana wanapendaka kutengeneza moja halafu wanagawana watu watano, sawa chumvi. Siku moja akipoteza telefone, itabidi kufungia wote watano, na wawili kati yao watakuwa mahali pasipo na rezo ya kupokea mupya.

Neno moja juu ya mega, maana tunajua bei. Mu mipango ya WireGuard kuko mustari unaitwa AllowedIPs. Ukiandika pale adresi za nyumba peke yake, tiyo itabeba tu mambo ya nyumba, na WhatsApp yako itapita njia yake ya kila siku. Ukiandika zeros zote, intaneti yako yote itazunguka nyumbani kwanza, na utalipa mara mbili: mega za huku na mega za kule. Tena, usivute ekrani ya ordinatere kama unataka dosie moja. Ekrani inakula mega sawa video. Vuta dosie yenyewe kwa SFTP, kilobaiti mia mbili, imeisha. Hiyo inafaa pia wale walio na Windows Home, juu ile Windows hairuhusu kushikwa ekrani toka mbali kwa njia yake ya kawaida. Inabidi kuwa na Pro.

Sasa tufike ku shida ya kwetu, ile ambayo video za YouTube za Wazungu haziionge. Kule nyumba nyingi ziko na adresi yao ku intaneti. Hapa, modemu ya SIM inapata adresi ambayo kampuni inawagawia watu mamia pamoja, sawa parcelle moja yenye familia ishirini na namba moja ku mulango. Ukituma barua kwa ile namba, haijui iingie chumba gani. Muangalie mu modemu: adresi ya nje ikianza na 10, ao ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, muko mu parcelle ya pamoja. Tiyo haiwezi kuanza toka nje. Inaweza tu kuanza toka ndani.

Kuko njia mbili za kutoka pale. Ya kwanza ni Tailscale, inayotumia WireGuard ndani yake na inafanya mashine mbili zikutane hata kama zote ziko nyuma ya adresi ya pamoja. Unaiweka ku ordinatere, unaiweka ku telefone, dakika kumi imeisha, na kwa watu wachache hailipishe. Ila kampuni yao inajua uko na mashine ngapi na zinaunganika wakati gani, hata kama haioni madosie. Na unaingia kwa akaunti ya Google ao nyingine, kwa hiyo mutu akiiba ile akaunti anaweza kujiongezea mashine yake mu rezo yako. Uthibitisho wa hatua mbili ni lazima. Ya pili ni kukodi seva ndogo inje ya inchi, kama dola 5 kwa mwezi, na nyumba na telefone zote zinaenda kukutana pale. Inaomba karte ya benki na mutu anayeelewa Linux kidogo.

Maoni yetu tutayasema wazi. Kwa mémoire yako, picha zako, kazi za shule: Tailscale, usijisumbue. Kwa shuhuda za watu: seva yetu wenyewe, na mutu wa kuichunga mwenye jina ndani ya kikundi, si «tutaona».

Halafu kuko umeme. Oh, umeme! Mutu anaweza kuwa na tiyo nzuri kabisa, delestaji ikapita, ordinatere ikalala, na yeye yuko Bujumbura anaangalia telefone sawa mutu anayengojea visa. Ordinatere ya meza iko na mahali mu BIOS pa kuchagua iwake yenyewe umeme ukirudi. Muchague ile. Laptop ya zamani ni nzuri pia, hata ile yenye ekrani imepasuka, juu iko na batri yake ya kuvumilia saa moja ao mbili. Wenye kuweza wanunue Raspberry Pi, ile ordinatere ndogo sawa pakiti ya sigara: inakula wati chache tu, paneli ndogo ya jua na batri vinaibeba, na umeme ukirudi inaamka peke yake.

Lakini hapa kuko fundo, na tunaomba musiruke. Ukifunga disiki yote na neno la siri, vile tunavyofundishaka, basi umeme ukikatika na kurudi, ordinatere inasimama ku mulango inangojea mutu aandike lile neno ku klavie. Nyumbani hakuna mutu. Tiyo haifunguke. Ukiacha disiki wazi ili iamke yenyewe, siku mwizi ao askari anaibeba, anasoma kila kitu. Watu wengi wanachagua kuacha wazi, juu ni rahisi.

Tunachofanya ni kugawa. Upande wa kuamkia unabakia wazi: Linux, WireGuard, hakuna jina la mutu ndani. Madosie ya kweli yanakaa ndani ya sanduku lililofungwa, la VeraCrypt ao la LUKS. Umeme ukirudi, mashine inaamka, tiyo inafunguka, sanduku linabakia limefungwa. Sisi toka mbali tunapita mu tiyo, tunaandika neno la sanduku, tunachukua tunachohitaji, tunalifunga tena. Kulifunga tena njo kazi yenyewe. Sanduku lililoachwa wazi wiki mbili ni sawa hakuna sanduku, juu mutu akishika mashine ikiwa inawaka atakuta yote iko mezani.

Na telefone ikikamatwa? Yule anayeishika ikiwa wazi anaweza kuingia mu tiyo, kwa sababu ufunguo uko ndani. Kwa hiyo mambo mawili. Kamarade mwingine, aliye mahali pengine, awe na uwezo wa kufuta ule ufunguo mu kitabu cha nyumba. Ni mustari moja, haichukue dakika. Na tukubaliane mbele ya safari: usipotuma habari paka saa fulani, tunafuta bila kungoja wala kuuliza. Ukirudi ukiwa muzima, tutakutengenezea mwingine, hakuna mutu atakasirika. La pili: anayesafiri asijue neno la sanduku. Yeye akihitaji dosie, anaomba, kamarade mwingine anafungua. Hapo hata wakimubana, hana cha kutoa. Hatutaki kijana wa miaka 20 aombwe kuwa shujaa mu cachot ya mutu. Asiyejua hawezi kusema, na hilo ni zuri kwake kuliko kwa harakati.

Wengine watatuuliza swali lililo mioyoni toka mwanzo: ordinatere iliyobakia Goma ao Bukavu, mu nyumba ambayo watu wasio wetu wanaweza kuingia saa yoyote, tuifikie namna hii? Jibu letu ni hapana kwa kazi ya kila siku. Tiyo inalinda njia. Hailinde sebule. Kama nyumba haina usalama, tumia tiyo mara moja, kama iko: toa madosie, hakikisha yamefika mazima, yafute kule, uzime. Na usimuombe jirani ao mudogo wako aingie kuwasha mashine juu yako. Dosie hazifikie bei ya mudogo wako. Ile mashine mupya ya harakati ikae mahali ambapo hakuna mutu anatufahamia, kwa mutu asiyeonekana ku picha za marshi, na mwenye nyumba ajue kilicho ndani na akubali. Kumuficha mwenye nyumba jambo kama hilo hatukubali.

Mwisho wa maelezo, siku intaneti yenyewe inazimwa. 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, walikata inchi yote, na haikurudi paka Januari 2019 ilikuwa inaelekea mwisho, karibu wiki tatu. Mu Januari 2015 pia walikata, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Siku kama hizo hakuna VPN ya bure wala ya kulipa, yetu wala ya watu, inayopita. Tiyo inapita ndani ya barabara; barabara ikichimbwa, imeisha. Kwa hiyo mbele ya uchaguzi, mbele ya siku tunayojua itakuwa moto, kopi ya sanduku lililofungwa inapashwa kuwa tayari mahali pa pili, inje ya muji, hata inje ya inchi. Sanduku lenyewe, likiwa limefungwa, linaweza kusafiri bila sisi kuogopa sana. Neno lake lisisafiri pamoja.

Jumamosi ijayo tunaanza kutengeneza, kwa vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kilete ordinatere moja ya zamani isiyo na kitu ndani, modemu yake na chaja. Musilete dosie yoyote ya kazi, hata moja, tutajaribu na picha za mbuzi. Mbele ya kuja, muangalie ile adresi ya nje mu modemu na muandike ku karatasi inaanza na namba gani, juu hapo njo tutajua nani anaenda ku njia gani. Wale walio inje ya inchi tutafanya nao jioni, saa mbili ya Goma, saa moja ya Kinshasa.

Maswali sasa, na tuanze na wadada walio nyuma pale, walinyoosha mukono toka mbele ya ile hadithi ya umeme.